Hugh Tracey, mtu aliyenasa ngoma za babu zetu kwenye kanda

Tangu tuanze kupiga nyimbo za zamani Jumamosi usiku, swali linaloletwa sana kwenye simu ya kituo ni moja: nyimbo za mwaka 1950 zilirekodiwa na nani, wakati huku kwetu hata redio zilikuwa za kuhesabika kwa vidole? Wengine mnadhani ni kazi ya redio ya serikali. Lakini zile za zamani kabisa, za zeze, marimba na ngoma za vijijini, nyingi zilinaswa na Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey. Amefariki zamani, mwaka 1977. Leo tunaeleza maisha yake, na tunaeleza pia kanda zenyewe, kwa maana kazi yake na mashine haviachani.

Tracey alizaliwa tarehe 29 Januari 1903 huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, kaka yake Leonard alipata shamba Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Hugh, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, akamfuata kulima tumbaku katika wilaya ya Gutu. Hakuwa amesomea muziki chuoni. Shambani alifanya kazi na Wakaranga, akajifunza lugha yao, na walipoimba naye akaimba. Walowezi wengi waliokuwa jirani walisikia makelele tu. Yeye alisikia muziki wenye mpangilio wake, tena mgumu.

Mwaka 1929 alisikia kwamba mafundi wa kampuni ya santuri ya Columbia wamefika Johannesburg na mashine zao. Akawachukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao mamia ya kilomita hadi huko, wakaimba mbele ya kinasa sauti. Hizo zikawa santuri za kwanza za muziki wa asili wa Rhodesia kuuzwa madukani. Yeye alikuwa na miaka 26.

Baada ya hapo alipata fedha za utafiti kutoka mfuko wa Carnegie wa Marekani, akazunguka Rhodesia akirekodi kwenye sahani za aluminiamu. Alitaka kazi hiyo iwe maisha yake, lakini fedha za namna hiyo hazidumu. Mwaka 1936 akaajiriwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini, akawa mkuu wa studio za Durban hadi mwaka 1947. Kwa hiyo alikuwa mtangazaji kama sisi, na tunakiri hilo linatufanya tumwonee huruma kidogo zaidi ya inavyostahili. Akiwa Durban alivuka mpaka mara kwa mara kwenda Zavala, Msumbiji, kwa Wachopi, watu wenye vikundi vikubwa vya marimba wanazoziita timbila. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1948.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza. Kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg ilikubali kumlipia safari, na kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na miaka ya 1950 akazunguka nusu ya bara. Mwaka 1950 alikuwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1952 alikuwa Kongo, Ruanda-Urundi na Uganda tena. Hapa Tanganyika aliwarekodi Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya, Wahehe, Wazaramo na wengine. Ninyi mnaotusikiliza kutoka Bahi, Mpwapwa na Kongwa, zile sauti za Kigogo zinazopishana na kukutana ambazo huwa tunazirusha zimetoka katika safari hiyo.

Safari zenyewe hazikuwa za mtu mmoja na begi. Kinasa sauti cha siku zile kilihitaji umeme, na vijijini umeme haukuwepo. Ilibidi gari libebe jenereta, jenereta iwekwe mbali ili mngurumo wake usiingie kwenye wimbo, kisha waya mrefu uvutwe hadi pale wanapocheza. Tracey mwenyewe alishika maikrofoni mkononi. Hakuisimamisha pembeni kama tunavyofanya kwenye mkutano wa hadhara. Aliisogeza kwa mwimbaji kiongozi, akaipeleka kwa wapokeaji, akairudisha kwenye ngoma. Ukisikiliza kwa makini nyimbo zake utasikia kiitikio kikija karibu kana kwamba waimbaji wamepiga hatua mbele. Hawakusogea wao, ni mkono wake uliosogea.

Nyimbo nyingi katika mkusanyiko wake ni za dakika tatu hivi, kwa sababu santuri ya wakati ule haikubeba zaidi. Ngoma ambayo kijijini inachezwa tangu jioni hadi majogoo ilikatwa ikabaki dakika tatu. Tunapoipiga redioni leo, kumbukeni kwamba mnasikia kijiko kimoja cha chungu kizima.

Kanda na deki

Alianza na sahani, lakini safari zake kubwa ziliangukia wakati ambapo kanda ya sumaku ilikuwa inaingia duniani. Kanda hiyo iliundwa Ujerumani. Fritz Pfleumer aliivumbua mwaka 1928, na kampuni ya AEG ikaonyesha mashine yake hadharani Berlin mwaka 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea kwingine. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, ukazungushwa kwenye rili, yaani gurudumu lenye ukubwa wa sahani ya wali. Sauti inabaki humo kama mpangilio wa sumaku. Kuirudisha, utepe lazima upite mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo uleule uliotumika kurekodi. Kwa kanda nyingi za redio mwendo huo ni sentimita 19 au 38 kwa sekunde.

Neno la kushika hapo ni mwendo uleule. Hapa kituoni tuna deki moja ya rili, ya zamani kuliko wengi wetu, na ndiyo tunayotumia kuhamishia kanda zetu wenyewe kwenye kompyuta. (Kanda za Tracey hatujawahi kuzigusa. Ziko Afrika Kusini, na sisi tunapiga nakala.) Deki hiyo ina maradhi yake. Mkanda wa mpira unaounganisha mota na mhimili umelegea. Ule mpira mdogo unaoibana kanda umekauka na kuwa mgumu kama kokwa la embe. Kichwa cha kusomea kimelika upande mmoja, kwa hiyo sauti ya kulia huja na kuondoka. Ikiwa baridi, mashine inajikokota. Inabidi tuiache izunguke tupu kama nusu saa ndipo itulie.

Mwendo ukipungua, sauti inashuka. Binti anaimba kama mama yake, na zeze linasikika kama limelegezwa nyuzi. Mtu asiyejua wimbo huo hawezi kugundua kwamba anadanganywa. Kwenye kanda nyingi za studio tunaokolewa na mlio wa kupimia uliorekodiwa mwanzoni, ambao kwa kawaida ni wa hezi 1000. Tukiupiga, kompyuta ikasoma 960, tunajua deki imepungua asilimia 4, na tunasahihisha. Kanda isiyo na mlio huo ni kubahatisha, labda apatikane mzee anayeujua wimbo.

Na hapa ndipo tulipoanza kumheshimu Tracey kwa jambo ambalo halitajwi sana. Safarini alibeba vyuma vidogo vyenye umbo la uma, kila kimoja kikitoa sauti moja isiyobadilika. Alipofika kwa mpiga marimba, kabla au baada ya kurekodi, alilinganisha kila kibao cha marimba na vyuma vile, akaandika kwenye kadi kibao kinatikisika mara ngapi kwa sekunde. Alikuwa anatafuta namna Waafrika wanavyopanga sauti za ala zao, kwani haifuati mpangilio wa piano. Lakini bila shaka aliwaachia mafundi wa baadaye kipimo. Deki inaweza kusema uongo, kadi ikaiumbua.

Kadi hizo zilikuwa na mengine: jina la wimbo, lugha, wilaya, aina ya ala, na jina la mpigaji. Wakusanyaji wengi wa zama zile waliandika kabila tu, kana kwamba wimbo umeimbwa na kabila zima kwa pamoja. Tracey mara nyingi aliuliza majina. Si mara zote. Katika wimbo wa wasichana wa Kipsigis ambao tutaueleza hapa chini, aliandikwa kiongozi, Chemutoi Ketienya, na waliobaki wakaitwa wasichana tu.

Sisi wenyewe tuna maboksi ya kanda yasiyo na hata hicho. Ganda limeandikwa ngoma, na tarehe, basi.

Nyimbo zilizosafiri

Wimbo huo wa Kipsigis ulirekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, magharibi mwa Kenya. Wakati huo gramafoni zilikuwa zimeshafika maeneo hayo na santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Jina lake likapita midomoni mwa watu likageuka Chemirocha. Mwanamume anayeimba ndani ya sanduku bila kuonekana si jambo dogo, na wasichana walimgeuza kiumbe, nusu mtu nusu paa, wakamwimbia. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ule wa wasichana umesikilizwa na watu wa nchi nyingi sana, na kwa miaka mingi walioimba hawakujua.

Mwaka 1952, huko Jadotville katika Katanga, mji ambao leo ni Likasi, alikutana na kijana mpiga gitaa aliyeitwa Jean-Bosco Mwenda. Wimbo aliomrekodi, Masanga, ulitoka kwenye santuri ukafika Afrika Mashariki yote. Vidole vya Mwenda viliwafundisha wapiga gitaa wa Kenya na huku kwetu jinsi gitaa moja linavyoweza kujibizana lenyewe. Naye aliimba Kiswahili, kile cha Katanga. Hapa kuna kichekesho kidogo, kwa sababu Tracey kwa kawaida hakupenda magitaa. Aliamini miji, makanisa na ala za Kizungu vitaua muziki wa asili, na alitaka wa asili ubaki safi. Bahati nzuri masikio yake yalikuwa mapana kuliko nadharia yake.

Lakini ukituuliza ni kanda zipi zina uzito kuliko zote, tutasema zile za Mengo. Mwaka 1950 na 1952 Tracey alirekodi wanamuziki wa Kabaka wa Buganda katika kasri lake. Kulikuwa na akadinda, marimba kubwa ya vibao 22, na kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti, zikipigwa na watu 6 kwa pamoja. Wanne hupiga wimbo wenyewe kwenye ngoma 12, wawili hushika zile nzito. Kazi hizo zilirithiwa katika koo na vijiji maalumu, na hazikuchezwa mtaani. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote lilishambulia kasri hilo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni na kufia London mwaka 1969. Ala ziliharibiwa, wanamuziki wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zenyewe zikafutwa kisheria. Zilirudi mwaka 1993. Kwa miaka yote hiyo entenga ilibaki katika vichwa vya wazee wachache na katika kanda. Miaka ya karibuni vijana wameanza kujifunza upya kutoka kwa mzee aliyewahi kuipiga ikulu. Bila mzee, kanda isingeeleza mkono unakwenda wapi. Nayo kanda ndiyo iliyobaki na sauti ya kundi zima likiwa limekamilika.

Mkusanyiko ulipokua, Tracey alianzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, karibu na Johannesburg. Akatoa mfululizo wa santuri kubwa zaidi ya 200 ulioitwa Sound of Africa, na jarida la kitaaluma. Pia alianza kutengeneza kalimba, ala ndogo ya kubonyeza kwa vidole gumba, kwa kuiga zile alizozikuta Rhodesia na kwingine. Kalimba yake iliuzwa Ulaya na Marekani, hata Maurice White wa kundi la Earth, Wind & Fire akaipiga jukwaani. Huku Ugogo hatukuhitaji kalimba ya kununua. Tulikuwa na ilimba, na baadaye tukawa na Hukwe Zawose kuionyesha dunia.

Deni

Ni lazima tuseme na upande wa pili, kwa sababu wasikilizaji wetu hasa vijana huuliza, na wana haki. Nani alifaidika?

Tracey alifanya kazi katika nchi ya ubaguzi wa rangi, kwa fedha za kampuni ya santuri na za makampuni ya migodi. Kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg alisaidia kupanga maonyesho ya ngoma za wachimbaji na akaandika kitabu juu yake, wakati wachimbaji haohao walilala kwenye mabweni mbali na wake zao na hawakuruhusiwa kukaa mjini kama raia. Ruhusa ya kurekodi vijijini ilipitia kwa wakuu wa wilaya wa kikoloni. Mwanakijiji wa Tanganyika mwaka 1950, akiona gari la mzungu limeletwa na bwana shauri, alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Zile santuri 200 na zaidi zilinunuliwa hasa na vyuo vikuu na maktaba. Aliyeimba alibaki na jembe lake.

Tunavyoona sisi, mambo yote mawili ni kweli. Aliwapenda wanamuziki, akatumia maisha yake kuthibitisha kwa Wazungu wenzake kwamba muziki huu ni elimu. Na alikuwa mtu wa mfumo ule, akichukua bila kuulizwa na mtu atarudisha lini. Alisema na kuandika mara nyingi kwamba kazi yake ni kwa ajili ya Waafrika wenyewe, lakini kwa muda mrefu Waafrika hao hawakuwa na njia ya kuisikia.

Alifariki tarehe 23 Oktoba 1977. Mwaka uliofuata maktaba ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown ambao sasa unaitwa Makhanda, ikiongozwa na mwanawe Andrew, naye mwanamuziki. Miaka ya 2000 kanda zikaanza kuhamishiwa kwenye kompyuta, moja baada ya moja. Kazi hii haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kupigwa, na ya zamani huenda ikawa inapigwa kwa mara ya mwisho.

Mwaka 2014 maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walibeba nakala za sauti hadi Kenya kuzitafutia wenyewe. Walifika kwa Wakipsigis. Miaka 64 ilikuwa imepita. Kati ya wanaume waliorekodiwa siku ile walimkuta mmoja, Cheriyot arap Kuri, yu hai, akajisikiliza.

Sasa kwenu. Tunajua baadhi yenu mna kanda za rili kwenye masanduku, za kwaya, za harusi, za marehemu baba aliyekuwa fundi wa redio. Msizipige kwenye deki yoyote iliyookotwa, maana deki mbovu hutafuna kanda. Inueni rili mbele ya dirisha kwanza. Mwanga ukipenya ubavuni, hiyo ni asetati, aina ya zamani, ambayo hukatika kirahisi na ikioza hunuka siki. Ikinuka hivyo itengeni na nyingine na ishughulikiwe mapema. Mwanga usipopenya, huenda ni poliesta, ngumu kukatika, ila baadhi ya zile za miaka ya 1970 na 1980 hunata zikakwama kwenye kichwa cha deki. Mafundi huzipasha moto mdogo kwa saa kadhaa kabla ya kuzipiga. Msijaribu hilo nyumbani kwenye jiko, na asetati haipashwi moto kabisa. Ziwekeni zikiwa zimesimama, mahali pakavu, mbali na spika kubwa zenye sumaku na mbali na bati linalopata jua la mchana.

Kisha andikeni kwenye ganda: nani anaimba, kijiji gani, mwaka gani hata wa kukisia. Andikeni kwa penseli, wino hufutika.

Jumamosi hii saa tatu usiku tutapiga dakika tano kutoka kwenye boksi letu lililoandikwa ngoma. Ni zeze moja na sauti ya mwanamume, Kigogo, anataja mvua na jina la mto. Mwendo tumeusahihisha kadiri tulivyoweza. Ukimtambua, tuma ujumbe wenye jina lake na kijiji chake kwenye namba ya kituo.